Betri Yake na Betri Yangu

Gari letu lina betri mbili. Watu hawalijui hilo mpaka wafungue boneti, na wakishafungua hudhani tuliongeza moja kwa ubishi wa kizee. Hapana, lilizaliwa hivyo. Ni gari la njia mbovu, refu kwa kimo, magurudumu yake yote manne huvuta, na injini yake ya dizeli ina usingizi mzito ambao betri moja haiwezi kuukatiza. Kwa hiyo waliolitengeneza waliweka mbili, moja kila upande wa injini, wakaziunganisha kichwa kwa mkia ili nguvu ya moja ipande juu ya nguvu ya mwenzake. Hayo nilijifunza katika masomo ya jioni, nikiwa tayari baba wa watoto, nimekunjwa kwenye dawati la mtoto na magoti yamenifika kidevuni. Mke wangu alijifunza kwa kufungua boneti.

Betri ya kulia, upande wa dereva, ni yake. Ya kushoto ni yangu. Hakuna aliyetoa amri hiyo. Boneti ni pana, mikono yetu haifiki ng'ambo, basi kila mmoja alishika iliyo karibu naye na mazoea yakawa sheria ya nyumba. Kila Jumamosi asubuhi tulifungua boneti, tukaweka vikombe vya chai juu ya bamba la tope la gurudumu, na kila mmoja akafungua vifuniko vya betri yake, akachungulia maji, akaongeza palipopungua, akafuta unga mweupe kwenye vichwa vyake. Na kila mmoja alimcheka mwenzake.

"Yako imekunywa tena," angeniambia. "Mlevi huyo."

"Yangu inafanya kazi. Yako imekaa tu kama mgeni rasmi."

Kuendesha, anaendesha yeye. Mimi daktari wa macho alinikataza, naye hakungoja kuambiwa mara ya pili. Siku ileile alisogeza kiti mbele na hakijarudi nyuma mpaka leo. Safari yake ni moja tu ya maana: kupanda kwa dada yake. Dada huyo ndiye aliyemlea, na sasa miguu imemgomea, hashuki tena. Nyumba yake iko juu kabisa ya mlima, pale barabara inapokwisha na mawe kuanza, kisha mawe nayo yakachoka. Mke wangu hupanda na sabuni, unga, dawa ya kuchua magoti na habari zote za mtaa wetu, akalala huko usiku mmoja, akarudi na uso wa msichana. Mimi siendi sana. Wakikaa pamoja husema wote wawili kwa wakati mmoja na wote wawili husikia, na mtu wa tatu hutumwa nje akapasue kuni.

Sasa, mara ya mwisho alipopanda, gari lilikataa kuwaka. Aligeuza ufunguo asubuhi, ikatoka sauti ya kijiko kinachogonga sufuria tupu, basi. Ua wa dada yake uko kwenye bonde dogo kama sahani, hakuna pa kuliachia liserereke. Alikaa huko hadi lori la machimbo ya kokoto lilipopanda na kumvuta kwa mnyororo. Yeye mwenyewe hakuona ubaya wowote. Alipata siku ya ziada na dada yake. Lakini mwenye machimbo analimezea mate gari letu tangu zamani, akaona huruma imfungulie njia ya kulinunua, akampigia simu binti yetu mkubwa.

Binti yetu anasimamia bohari ya dawa. Anajua kitu gani kimeisha muda wake na kitu gani hakijaisha. Kadi ya gari ina jina lake, kwa kuwa bima analipa yeye, na akija na jambo huja limeshakatwa.

"Mama, umri wako huu ni wa kukaa porini unangoja lori?"

"Sikuwa porini. Nilikuwa kwa dada yangu."

"Na kama lingekuzimikia njiani?"

"Lingenizimikia njiani ningekwambia njiani. Halikunizimikia njiani."

"Baba, sema na wewe."

"Mimi sikuwepo," nilisema, na wote wawili waliniangalia kama mtu aliyejibu swali la mwanafunzi mwingine.

Binti alikunja mikono. "Basi sikilizeni. Jumapili ijayo nakuja asubuhi, kabla mtu hajaligusa. Nitageuza ufunguo mimi, mara moja. Likiwaka, Mama aendelee na mlima wake, sitafungua mdomo tena. Lisipowaka, mwenye machimbo analichukua. Na mimi nitakuwa nakupeleka kwa mama mkubwa nikipata nafasi."

"Ukipata nafasi," mke wangu alirudia taratibu.

Binti aliangalia dirishani. Sote tulikuwa tunaifahamu nafasi yake. Mara ya mwisho kupatikana, mama yake mkubwa bado alikuwa anatembea.

Alipoondoka nilichukua kipimo changu cha umeme, kile chenye mshale, nikapima. Betri ya kulia mshale ulipanda vizuri. Ya kushoto ulitikisika kidogo, ukalala.

"Nani kafa?" mke wangu aliuliza kutoka upande wake. Alikuwa ameshauona mshale.

"Ya kushoto imechoka."

"Haikuchoka. Imeuawa na taarifa ya habari."

Hapa yafaa nieleze. Redio ya ndani ya nyumba ni ya mke wangu na nyimbo zake. Mimi nilifunga redio ndogo kwenye gari, nami hukaa humo jioni nikasikiliza habari na vipindi vya maarifa bila mtu kunipigia makofi ya muziki. Redio ile inatosheka na nguvu ya betri moja, basi niliichukulia umeme kwenye betri yangu, maana sikuona haki kunywesha redio yangu kwa betri ya mtu mwingine. Mke wangu anadai kwamba kwa sababu hiyo moja ilikuwa inachoka na nyingine inapumzika, mwaka baada ya mwaka. Hoja hiyo sijaikubali hadi leo. Ninachokiri ni kwamba hakumwambia binti yetu, na neno lile moja lingemwokoa yeye na kunizamisha mimi.

Siku ya pili tulikwenda kununua. Duka la betri liko nyuma ya gereji, chumba kirefu chenye harufu kali inayokuna pua, na mwenye duka ni mwanamke kijana avaaye aproni ya ngozi. Mtaa mzima humwita Mama Chaji, ingawa hajaolewa wala hajazaa.

"Shikamooni wazee wangu. Leo mmekuja wawili, kuna nini?"

"Marahaba mwanangu. Kuna msiba," mke wangu alisema. "Mume wangu amefiwa na betri."

"Pole, mzee. Alikuwa mtu mzima?"

"Mtu mzima sana," nilisema. "Tuonyeshe za kumrithi."

Nilikuwa nimepima kitako cha betri kwa rula, urefu, upana na kimo, maana boneti ikigusa kichwa cha betri ni moto. Mama Chaji aliburuta kwanza dude la lori. "Hii inaamsha hata marehemu." Niliweka rula, halikuingia. Akaleta lililoingia sawasawa, nami nikafurahi, mpaka mke wangu akaligeuza kwa kidole.

"Chanya iko kushoto. Yetu iko kulia. Waya utafikaje?"

"Tutaigeuza betri," nilisema.

"Ukiigeuza itabadilika, mhandisi?"

Nilitazama. Ukiigeuza, kichwa cha chanya kinahamia upande wa pili kweli, lakini kinakwenda kukaa ukutani mwa injini, na waya wetu mnene hauna hata inchi ya kuazima. Nililirudisha mwenyewe kwenye rafu.

Zikabaki mbili za kuchagua. Moja ilikuwa ya maji, ya vifuniko sita, ndugu wa ile iliyokufa. Nyingine ilikuwa iliyozibwa kabisa, isiyofunguliwa wala kuongezwa kitu. Mama Chaji alieleza vizuri: ya maji ni nzuri ukiitunza, iliyozibwa haimwagiki gari likiinama, na bamba zake za ndani zimebanwa ili mtikisiko usizipukutishe.

"Njia yenu ikoje?"

"Mawe," mke wangu alisema. "Halafu mawe. Iliyozibwa."

"Ya maji inaonekana ndani," nilisema. "Unaona mwenyewe hali yake."

"Mimi sitaki kuona hali yake. Nataka kwenda kwa dada yangu."

"Sasa Jumamosi tutafanya nini?"

Neno lile lilinitoka kabla sijalipima. Mama Chaji akainama ghafla kupanga nyaya ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Mke wangu alinitazama muda kidogo, na ule uso wa kununua vitu ukamtoka.

"Tutakunywa chai," alisema. "Tutakaa kwenye viti kama watu, tunywe chai. Unadhani mimi nilikuwa nafuata maji ya betri pale?"

Nikasema iliyozibwa itafaa.

"Mbili?" Mama Chaji aliuliza.

"Mbili," nilisema.

"Moja," alisema mke wangu. "Yangu ni nzima. Mshale ulipanda, umeuona. Kosa lake nini? Usiache mbachao kwa msala upitao."

Nilimweleza, tena kwa upole. Betri zilizofungwa pamoja ni kama watu wawili wanaopandisha kabati ngazini. Ukiweka kijana chini na mzee juu, kabati haliendi kwa mwendo wa kijana, linakwenda kwa mwendo wa mzee, na kijana naye mgongo unamkatika. Mshale kupanda si kitu. Hata mimi ukinipima nimekaa nitaonekana mzima. Zikibadilishwa, hubadilishwa zote, za aina moja na umri mmoja.

"Betri yangu nimeitunza kwa mikono yangu," alisema. "Haijakunywa hovyo, haijasikiliza redio. Leo itupwe kwa kosa la jirani?"

Nilimgeukia Mama Chaji anisaidie. Akainua mikono. "Mimi nauza betri, mzee. Ndoa siziamui."

Basi tulinunua moja. Tulipofika nje nilisema nimesahau miwani, nikarudi ndani, nikatoka, tukaenda zetu.

Tulipoifunga, gari liliwaka kwa kishindo. Mke wangu alipiga makofi, akapapasa betri yake ya kulia kama unavyopapasa shingo ya punda. Kesho yake likawaka tena. Keshokutwa likawaka, lakini kwa kuvuta maneno. Nami nilikaa kimya. Kuna ushindi ambao mwenye akili hauombei. Jumamosi asubuhi nilimsikia ameamka kabla yangu. Nilisikia mlango wa gari, kisha stata, mguno mmoja mrefu wa ng'ombe anayetaka kunyanyuka na hataki, kisha kimya.

Nilivaa viatu nikatoka. Boneti ilikuwa wazi. Alikuwa ameinama upande wake, spana mkononi, ameshafungua waya wa hasi na sasa anahangaika na chanya. Sikumsogelea kwanza. Alipoitoa aliibeba mwenyewe, nzito vile, akaiweka juu ya kizingiti na kuipangusa kwa kitambaa, juu na pembeni, pamoja na pale ambapo hapakuwa na uchafu.

"Uliniambia," alisema bila kugeuka.

"Nilikwambia nini?"

"Usinifanye nirudie."

Niliketi kwenye kizingiti, betri kati yetu.

"Hivi ile kanuni yako," akasema, "ya kijana na mzee ngazini. Na sisi je? Mbona hukutafuta mpya?"

"Sisi tumefungwa siku moja, tumechakaa pamoja. Kanuni inaruhusu."

"Ulisoma jioni zote zile ili uje kuniambia nimechakaa."

"Tumechakaa, nimesema. Wingi."

Akacheka, akanipiga bega kwa kitambaa chenye vumbi la betri, shati langu likaharibika. "Twende dukani, wingi. Kesho huyo mtoto anakuja."

Dukani Mama Chaji alipotuona hata hakuuliza. Aliinama chini ya meza, akatoa betri iliyozibwa, sura ileile, muhuri wa kiwanda wa mwezi uleule.

"Pacha wake huyu hapa," alisema. "Mzee aliniambia nisimuuze mpaka Jumatatu."

Mke wangu alinigeukia pole pole. "Kwa hiyo miwani yako ilikuwa chini ya meza hii?"

"Nilitaka tu..."

"Ulijua nitashindwa."

"Nilijua betri itashindwa. Wewe nilijua utarudi mwenyewe."

Aliivuta ile betri kwake, akausoma muhuri wa kiwanda. Nilidhani nimeharibu. Halafu mke wangu akamwambia Mama Chaji, huku ananionyesha kwa kidole gumba, "Unamwona huyu? Angeweza kunishinda palepale, siku ileile, mbele yako. Mume wa namna hii anachosha. Mtu huna hata pa kumkasirikia."

Tuliifunga sisi wenyewe. Mkanda wa chuma wa kuikamata niliukaza mimi, kila upande, hadi betri isitikisike hata ukiisukuma kwa goti, maana juu ya mawe betri huuawa na kuchezacheza kuliko kitu kingine. Waya wa redio niliukata nikauviringisha. Niliukata kwa usalama tu; kuhusu lile dai, msimamo wangu ni uleule. Kisha mke wangu alitaka kujaribu kuwasha.

"Usiguse," nilisema. "Mtoto alisema asubuhi, kabla mtu hajaligusa."

"Atajuaje?"

"Sisi tutajua."

Hakulala vizuri. Nami najua kwa sababu sikulala vizuri.

Binti yetu alifika umande ungali kwenye kioo cha gari. Alitusalimu, akakataa chai, akapanda, mikono yake safi ya bohari ikashika usukani. Mke wangu alisimama dirishani kwake. Mimi nilisimama mbele ya boneti kana kwamba ningeweza kusaidia. Binti alipeleka mkono kwenye ufunguo.

"Subiri!" mama yake akasema. "Kuna taa ndogo ya manjano. Ngoja izimike kwanza, ndipo ugeuze."

"Mama, tulisema mara moja."

"Ni mara moja. Lakini kwa adabu. Dizeli haishtuliwi."

Binti aligeuza nusu. Taa ikawaka. Nilimwona mke wangu ameshika ukingo wa dirisha kwa mikono yote miwili, kucha zimekuwa nyeupe, anaitazama ile taa kama mtu anayemngoja daktari atoke chumbani. Na binti yetu hakuwa anaitazama taa. Alikuwa anaitazama mikono ya mama yake. Sidhani kama kabla ya hapo alikuwa ameelewa kwamba tunalozungumzia halikuwa gari.

Taa ikazimika. Akageuza.

Liliwaka kabla hajamaliza kugeuza. Moshi mmoja mdogo, kisha mngurumo ule mzito, kuku wa jirani wakatawanyika, umande ukaanza kutetemeka kwenye kioo na kuteremka. Mke wangu hakupiga makofi safari hii. Alifungua mlango.

"Sogea."

"Mama?"

"Sogea kiti cha pili. Nimekaa wiki nzima sijampigia dada yangu simu kwa sababu sikuwa na la kumwambia. Sogea."

"Mama, nina kazi, sijanywa hata chai!"

"Ulikataa chai hapa, utainywa kwa mama yako mkubwa. Leo Jumapili, bohari imefungwa. Umepata nafasi, mwanangu. Hongera."

Binti alinitazama anisaidie. Nikainua mikono, kama nilivyofundishwa na Mama Chaji. Akasogea. Wakatoka langoni, mke wangu kwa kandambili za nyumbani na kitambaa cha usingizi kichwani, binti yetu anatafuta mkanda wa kiti, na hilo gari likaingia barabarani.

Nilifagia ua. Nilisoma kidogo bila kusoma. Simu ilipolia nilikuwa nimeishika.

"Tumefika," alisema mke wangu. Nyuma yake sauti mbili za wanawake zilikuwa zinasema kwa wakati mmoja, na moja ilikuwa ya binti yetu. "Nimelizima."

"Umelizima? Mko wapi?"

"Uani. Palepale lilipogoma. Nimelizima kusudi. Sasa kaa kimya usikilize."

Nikasikia mlango wa gari, kisha hakuna kitu. Ilikuwa ile taa ndogo ya manjano, niliijua, nami nilisimama katikati ya ua na ufagio mkononi nikiingoja izimike, umbali wa mlima mzima kutoka kwangu. Ndipo injini ikanguruma sikioni, mara moja, na shemeji yangu mzee akapaza sauti kwa nguvu ya mtu ambaye ni miguu tu iliyomgomea:

"Zima hiyo kelele, mwali wewe, uje ndani! Umeniletea huyu mtoto halafu unacheza na gari?"

Mngurumo ukakatika. Mke wangu alicheka, akaitia simu mfukoni bila kuikata. Nilisikia kandambili zake kwenye changarawe, mlango, kiti kikiburutwa, binti yetu akisema, "Mama mkubwa, mbona umekonda hivi?" na jibu lililomfanya acheke kwa kelele kama alivyokuwa akicheka utotoni. Sikuyashika maneno yote. Nilikaa kizingitini, simu sikioni, nikasikiliza.